Sura ya Saba: Kuona Chini ya Kichochoro

Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kupita katika vichochoro vya mtaa wao wakiwa na vifaa vya GPS mkononi. Mradi huo, Map Kibera, waliuanzisha pamoja na Mikel Maron na Erica Hagen, na sababu yake ilikuwa wazi: mtaa uliopigwa picha na dunia nzima haukuwa na ramani ambayo mkazi angeifungua akaona kwake. Waliandika vyoo, zahanati, shule, misikiti, makanisa na vioski vya maji, wakaviweka kwenye OpenStreetMap ili kila mtu avione.

Ramani ile ilionyesha kilicho juu ya ardhi. Kilicho chini bado kimo vichwani mwa watu wachache: fundi wa bomba aliyechimba mtaro, mwenye kioski aliyemlipa, mama anayejua kwamba chumba cha jirani kimejengwa juu ya choo kilichofukiwa. Sura hii ni ya mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kuichora ramani hiyo ya pili kwa rada ya ardhini aliyoiunda mwenyewe, kwa pesa ambazo mwanafunzi anaweza kuzichanga. Naamini inawezekana. Naamini pia kwamba wengi wanaoijaribu watakwama, wala hawatakwama kwenye sakiti. Watakwama kwa kuwa walianzia maabara, wakamwendea mwenye sururu mwishoni.

Tuanze na maji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka mbali: bwawa la Sasumua lililokamilika 1956, na la Ndakaini lililoanza kazi 1994, yote mawili kwenye miteremko ya Aberdare. Baada ya kusafishwa na kusafiri makumi ya kilomita, mengi hayamfikii mtu wa kuyalipia. Ripoti za WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji nchini, zimeonyesha mara kwa mara kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji Kenya hayaleti malipo. Mengine huvuja, mengine huchotwa bila mita, mengine hupotelea kwenye mita mbovu.

Ukisimama Gatwekera au Laini Saba, ndani ya Kibera, utayaona mabomba yenyewe. Ni ya plastiki, membamba, mengi ya nusu inchi au inchi moja, yamelazwa kwa mafungu yakifuata ukingo wa mtaro wa majitaka. Yanazama chini ya udongo wa sentimita chache ili kuvuka kichochoro, kisha yanaibuka tena mbele ya mlango wa mtu. Kila mwenye kioski amevuta lake kutoka bomba kubwa lililo pembeni mwa mtaa. Lililopasuka limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Maji yenyewe huja kwa mgao. Yanapotoka, presha huyasukuma nje kupitia ufa. Yanapokatika, bomba hunyonya, na ufa uleule huingiza ndani chochote kilichouzunguka. Bomba lililolala katika mtaro wa majitaka huingiza majitaka, na mteja wa kwanza baada ya mgao kufunguliwa ndiye anayeyabeba nyumbani ndani ya mtungi wa lita 20. Nairobi ilipata milipuko ya kipindupindu 2015 na tena 2017. Kwa hiyo kujua bomba limepita wapi na limepasukia wapi ni suala la afya kabla ya kuwa suala la bili.

Vifaa vya kawaida vya kutafutia mabomba havisaidii hapa. Kipima chuma hufuata mkondo wa umeme, na plastiki haiupitishi. Kifaa cha kusikiliza mvujo hutegemea mlio wa maji yanayotoka kwa nguvu. Plastiki huuzima mlio huo, presha ya mgao ni ndogo, na kichochoro chenyewe kina kelele tangu alfajiri. Kinachobaki ni rada ya ardhini. Zile za viwandani huuzwa kwa dola elfu kumi na kitu kwenda juu, fedha ambazo idara nyingi za vyuo vyetu haziwezi kuzitoa kwa mradi mmoja wa mwaka wa tano.

Kanuni yake haihitaji kifaa cha bei hiyo. Antena hutuma wimbi la redio ardhini, na kila mahali ambapo aina ya kitu inabadilika, sehemu ya wimbi hilo hurudi. Hewani wimbi huenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Katika mchanga mkavu huenda kama sentimita 15, katika mfinyanzi wenye unyevu sita au saba, na katika maji matupu sentimita 3.3 tu. Rada haimjulishi mtu kwamba hapa kuna bomba. Inamwambia tu kwamba mwendo umebadilika, na muda uliopita kabla mwangwi haujarudi ni huu. Bomba la plastiki lililojaa maji ni badiliko kubwa. Shimo tupu la choo cha zamani ni badiliko kubwa zaidi. Na mahali penye mvujo, udongo uliolowa huchelewesha wimbi, hivyo mwangwi wa kilicho chini yake huchelewa pia, na kwenye picha bomba huonekana kana kwamba limezama ghafla. Mvujo unajulikana kwa kuzama huko.

Mbinu hii ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Walter Stern aliitumia kupima kina cha barafu ya mlima nchini Austria mwaka 1929. Mwaka 1956 El Said alitumia mawimbi ya redio kutafuta kina cha maji chini ya jangwa la Misri, na ningependa kila mwanafunzi wa Afrika alijue jina hilo kabla hajalijua jina la kampuni yoyote inayouza rada. Desemba 1972 chombo cha Apollo 17 kilizunguka Mwezi kikiwa na rada ya kuchungulia chini ya uso wake.

Sasa udongo, kwa sababu ndio unaoamua. Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, iko Dagoretti, juu ya udongo mwekundu uleule unaoendelea hadi Kabete na Kikuyu. Ni wa kina kirefu, unapitisha maji vizuri, na mfinyanzi wake kwa kiasi kikubwa ni kaolini, aina isiyong'ang'ania maji na chumvi. Udongo mweusi wa pamba, ambao umetanda mashariki na kusini mwa jiji, ni wa tabia nyingine. Huvimba kwa mvua, hupasuka kwa jua, na hulimeza wimbi la redio. Majedwali yanayotumiwa na wataalamu wa rada huuwekea mchanga mkavu upotevu wa desibeli 0.01 kwa mita, na mfinyanzi desibeli 1 hadi 300. Tofauti hiyo ni ya kutisha: kila desibeli 10 humaanisha nguvu imepungua mara kumi. Kwa hiyo anayesoma kwamba rada fulani iliona mita tano chini ya jangwa asitarajie hata mita moja Nairobi wakati wa masika. Apime Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu, na arudi kwenye njia zilezile mvua za Aprili zikianza ili ajue amepoteza kina kiasi gani.

Kibera ni ngumu kuliko Kawangware. Ardhi yake imejazwa kwa miaka mingi. Kuna majivu, mifuko ya plastiki, mawe, vifusi vya misingi ya zamani, na kuelekea Silanga na bwawa la Nairobi kuna tope lenye majitaka ambayo chumvi zake hupitisha umeme. Kila kipande cha taka ni mwangwi. Kwa maoni yangu, mwanafunzi asianzie Kibera hata kama ndiko anakotaka kufika. Aanzie Kawangware, kwanza kwa sababu ya udongo, pili kwa sababu ya ardhi yenyewe. Kawangware viwanja vingi vina wenyewe wenye hati, na mwenye ploti anaweza kukuruhusu uchimbe shimo la majaribio nyuma ya nyumba zake za kupanga. Kibera sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, wenye nyumba wengi hawana hati, wapangaji ndio wengi, na ruhusa ya kuchimba hata futi moja inapitia kwa wazee wa kijiji na chifu, na inastahili kupitia huko.

Tuje kwenye kifaa. Wanafunzi wengi huanza na rada ya mikebe ya kahawa iliyobuniwa na Gregory Charvat na wenzake wa MIT Lincoln Laboratory kwa ajili ya kozi ya mwaka 2011. Ni kazi nzuri ya kufundishia, na vipuri vyake viligharimu dola mia tatu na kitu. Lakini inatumia masafa ya gigahezi 2.4, na katika mfinyanzi wenye unyevu masafa hayo yanakufa karibu na uso wa ardhi. Ichukue kama somo, usiichukue kama kifaa.

Njia ninayoipendekeza ni ya NanoVNA, kipimo cha mkononi ambacho mafundi wa redio hukagulia antena. Kilibuniwa Japani, michoro yake iko wazi, na tangu 2019 kinapatikana kwa makumi ya dola, au zaidi kidogo kwa toleo linalofika gigahezi 3. Kipimo hiki hutuma masafa moja, hupima ukubwa na awamu ya kinachorudi, kisha husogea kwenye masafa yanayofuata. Ukikusanya vipimo vyote na kuvigeuza kwa hesabu ya Fourier, unapata mwangwi kwa muda, sawa na rada ya mpigo.

Chukua masafa kutoka megahezi 300 hadi 1,300. Upana wake ni gigahezi 1, na wimbi likienda sentimita 7 kwa nanosekunde, unaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa sentimita 3.5 hivi kwenda chini. Ukipima pointi 101, kila hatua ni megahezi 10, na kina cha juu ambacho hesabu inaweza kukieleza bila kujirudia ni mita 3.5. Udongo utakukatalia kabla hujafika hapo, kwa hiyo pointi 101 zinatosha. Bomba la nusu inchi peke yake litatoa mwangwi hafifu. Fungu la mabomba kumi litaonekana kama kitu kimoja kinene, na ripoti iseme hivyo: fungu, bila kubahatisha idadi.

Antena mbili za umbo la tai ya kipepeo, moja ya kutuma na moja ya kupokea, hukatwa kwenye bodi ya shaba au bati jembamba: pembetatu mbili zinazotazamana kwa ncha. Kebo na viunganishi vinapatikana Luthuli Avenue. Sanduku la kuzifunika, lililo wazi upande wa chini tu, litengenezwe na mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Mikono yao imezoea bati kuliko mikono ya mhandisi yeyote ninayemfahamu, na ukimweleza fundi kwamba kingo zote lazima ziunganike bila mwanya, atakufanyia. Gurudumu lenye kihisi halihitajiki mwanzoni. NanoVNA haipiti masafa yote kwa haraka, hivyo ubao wenye alama kila sentimita 2 unafaa zaidi: sogeza, simama, pima, sogeza. Kwa kuchakata data kuna GPRPy, na kwa kuigiza udongo kwenye kompyuta kabla ya kutoka kuna gprMax ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Zote mbili ni za bure.

Nguvu inayotoka ni kama miliwati moja au chini yake, ndogo sana kando ya ile ya simu ya mkononi. Hata hivyo unatangaza katika masafa ya watu wengine, kwa hiyo idara iandikie Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya mapema na ieleze nguvu, masafa na mahali. Hao wengine nao watakuingilia. Televisheni ya dijitali iko kati ya megahezi 470 na 694, na minara ya simu iko karibu na 900. Zitambue hatua zilizochafuliwa, rudia vipimo, chukua wastani, na inapobidi ziache hatua hizo nje ya hesabu.

Tatizo ambalo vitabu vya nje havilitaji ni mabati. Kichochoro cha Kibera kinaweza kuwa na upana wa mita moja tu, na kuta za pande zote mbili ni za bati, ambalo kwa rada ni kioo. Wimbi linalopenya pembeni mwa sanduku hugonga ukuta ulio nusu mita kando na kurudi baada ya nanosekunde 3.3. Kompyuta ikidhani wimbi hilo limepita ardhini kwa mwendo wa sentimita 7, itakuonyesha kitu kilichozikwa sentimita 12 chini. Kwenye kina hicho ndiko hasa yanakolala mabomba ya mtaa. Namna ya kutofautisha ipo. Ukuta ulio sambamba na njia yako hutoa mstari mnyoofu, na unaondoka ukitoa wastani wa vipimo vyote. Mlingoti au kona ya nyumba hutoa mkunjo kama wa bomba, lakini mkunjo huo ni mpana zaidi kwa sababu mwendo wake ni wa hewani, sentimita 30. Pima mwinamo wa kila mkunjo kabla hujauita bomba.

Halafu kuna suala la upande. Bomba huonyesha mkunjo wake wazi pale tu unapolikata kwa njia ya msalaba, na mengi yanafuata kichochoro. Huna budi kupima kwa kuvuka kichochoro, mita moja kutoka mlango hadi mlango, kisha usogee nusu mita na kuvuka tena. Kila unapovuka umesimama mlangoni mwa mtu. Salimu, eleza, subiri ndoo ipite, subiri mtoto apite. Kazi ya siku nzima inaweza kufika mita kumi za kichochoro, na hizo ni mita kumi nzuri.

Ndiyo maana nasema fundi aje kwanza. Kabla hujapima popote, mtafute aliyechimba pale. Muulize: "Mzee, mlipopitisha bomba hapa, mliingia futi ngapi?" Atakujibu kwa futi, na akikuona unaandika atakuambia alichokigonga njiani: jiwe, vifusi, choo cha zamani, waya wa stima ya sambaza, ile iliyounganishwa bila kibali. Huo waya ni habari ya uhai na kifo kwa anayeinua sururu. Mlipe kwa siku hiyo kama unavyomlipa mtaalamu yeyote, na akikubali, mtaje kwenye ripoti.

Pamoja naye, zikeni vitu mnavyovijua katika ploti ya Kawangware: bomba tupu, bomba lenye maji, kipande cha chuma, na bomba lililotobolewa ambalo mtalifungulia maji baadaye. Chuma ndicho cha kupimia udongo. Kikiwa sentimita 30 chini na mwangwi ukarudi baada ya nanosekunde 8.6, mwendo ni sentimita 7 kwa nanosekunde, na hesabu zako zote za ploti ile zitatumia namba hiyo. Kisha nendeni kichochoroni. Fundi aandike anachoamini kilipo kabla ya rada kuwashwa, nawe uandike ulichokiona bila kusoma karatasi yake. Mahali mlipotofautiana ndipo pa kuchimba. Rada iliyojaribiwa hivyo ina thamani hata kama ilikosea nusu ya mara, kwa sababu sasa inajulikana hukosea wapi.

Kuna hoja moja nzito dhidi ya mradi huu wote. Shirika la SHOFCO, lililoanzishwa Kibera na Kennedy Odede mwaka 2004, limepandisha mabomba ya maji juu ya nguzo, yapite hewani mbali na majitaka na mbali na wanaoyatoboa. Kila mtu anayaona. Je, rada ya nini tena? Naiheshimu kazi hiyo, na pale inapowezekana ni bora kuliko kutafuta mvujo chini ya tope. Lakini mabomba ya zamani hayajang'olewa yote. Bomba la majitaka haliwezi kupandishwa nguzoni, kwa kuwa linategemea mteremko. Na vyoo vilivyofukiwa chini ya vyumba vya watu vitabaki hapo, hewa ikiwa ndani yake, hadi mtu avitafute. Nikilazimika kuchagua kazi moja ya rada ya bei nafuu Kibera, ningechagua mashimo hayo kuliko mabomba. Ni makubwa, mwangwi wake ni mkali, na nyumba iliyo juu yake ina watoto waliolala.

Kisha ramani ni ya nani? Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule Kibera ili barabara ipite, na wakazi hawajasahau. Mtu akitokea na sanduku linaloona chini ya nyumba, wana haki ya kuuliza kinachofuata. Mchoro wa mabomba unaonyesha pia nani ameunganisha bila kibali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu mwanafunzi kama inavyoihusu benki, lakini mimi ningeenda mbali zaidi ya sheria. Majina ya wenye vioski yasiandikwe, mvujo na shimo ndivyo viandikwe, nakala ya kwanza ibaki kwa wazee wa kijiji na mafundi, na ile ya kampuni ya maji itoke mkononi mwao.

Kwa wasimamizi wa miradi ya mwaka wa tano, huko Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT, Technical University of Kenya na kwingineko, nina ombi. Mwanafunzi akileta rada yenye sakiti safi iliyopimwa kwenye sanduku la mchanga, mpeni alama za sakiti. Akileta rada yenye kelele, pamoja na orodha ya mahali alipopima, alichokitabiri fundi, alichokiona yeye, na kilichopatikana baada ya kuchimba, mpeni zaidi. Mpangieni pia bajeti ya kumlipa fundi, iandikwe kwenye pendekezo la mradi tangu siku ya kwanza, kando ya bei ya antena.